Mizizi ya Masereka Iliyooshwa

Sogea karibu, wewe unayeanza kazi ya maabara. Nataka nikusimulie juu ya kiumbe niliyemfuata maisha yangu yote, ambaye wakulima wengi wanaomlisha hawajamwona hata mara moja.

Siku yangu ya kwanza, katika kituo cha kilimo karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, mkuu wa kituo aliniwekea mbele ya hadubini sahani ya kioo yenye kipande cha mzizi wa mgomba.

«Mademoiselle, unaona nini?»

«Hapana kitu, chef.»

«Tia maji, kisha ungojee. Ule mududu hapana iko na haraka. Ni weye uko na haraka.»

Nilingoja mpaka shingo ikauma. Kisha nyuzi nyembamba, nyeupe, zikaanza kutoka mzizini na kujikunja ndani ya maji. Hao ndio nematodi, minyoo mviringo, na hawa huishi kwa kunyonya mimea. Wabaya zaidi kwetu ni minyoo-fundo: huingia mzizini, nao mzizi huvimba mafundo mafundo kama shanga.

Kuwaona si kazi. Kazi ni kujua ni jamii ipi. Tulikuwa tukimkata jike sehemu ya nyuma na kutazama mistari ya ngozi yake, inayofanana na alama za kidole cha mtu. Lakini mistari ya jamii moja huweza kukaribiana na ya nyingine, na wadogo wao hawana mistari hiyo kabisa.

Vita vilipofika, askari walilala katika kituo chetu na hadubini zikatoweka, isipokuwa moja niliyoifunga ndani ya kitenge. Nilihamia nayo Butembo, katika biro, ofisi ya vyumba viwili katika mtaa wa Kimemi. Mkuu wa maabara hapo alikuwa mama aliyesoma Ulaya. Tulimwita Madame Docteur.

Ndipo Mama Masika wa Masereka, kule juu milimani, alipotutumia ujumbe. Alikuwa mjane, na shamba moja la viazi ndilo lililowalisha watoto wake. Viazi vilikuwa vimeanza kutoka na vinundu, majani yakinyauka hata mvua ikinyesha. Alitaka kupumzisha shamba kwa kupanda mahindi, naye aliuliza kama ni vema.

Madame Docteur alinieleza shida. «Kwa baridi ya Masereka, inaweza kuwa jamii ya baridi. Ile hapana inakula mahindi, basi itakufa njaa. Lakini kama ni jamii ya joto yenye ilipanda mlima na mbegu ya huku chini, mahindi itakuwa chakula yake. Mama atapoteza viazi na mahindi pamoja.»

Tulimwomba mizizi. Ikaja juu ya gari la kabichi, ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa safi: mizizi myeupe, iliyokaushwa juani, na viazi vikubwa vizuri. Tuliitia majini. Tukangoja mchana kutwa. Hakuna kilichotoka.

Madame Docteur alicheka. «Hii mizizi iko inaenda ku harusi!»

Nilielewa mara moja, kwa sababu hata mama yangu angefanya vile vile. Kwetu hutumi uchafu kwenye nyumba ya watu. Mama Masika alikuwa amechagua mimea iliyo bora, akakata kila fundo, akasugua mizizi mpaka ikang'aa. Kwa heshima yote, alikuwa ametuondolea minyoo.

Basi nilipanda mlima mwenyewe mpaka Masereka, siku ambayo njia ilikuwa imetulia. Alipojua nimekuja kuchukua mmea mgonjwa kabisa, alishika kiuno.

«Nikupatie takataka, mwanangu? Batu ya Butembo batasema nini juu yangu?»

«Batasema mama ametusaidia. Mama, ule mubaya kupita yote ndio ninatafuta.»

«Eh! Basi tajiri ni mimi,» akasema, akachukua jembe.

Mafundo niliyatia katika chupa ndogo za alkoli. Formali, dawa ya kuhifadhia tuliyoizoea, huharibu ADN, yaani DNA, ile chembe ya urithi, nayo safari hii tuliihitaji ADN yenyewe. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja alichukua chupa akaitikisa.

«Mama, hii ni masanga?»

«Hapana pombe, chef. Ni minyoo ya viazi.»

Alifungua, akanusa, akaona vile vinundu vinaelea. Akamwita mwenzake. «Kuya uone! Batu ya Butembo, hata minyoo banauzisha!» Walicheka mpaka wakasahau kuniomba kitu.

Madame Docteur alitazama mistari ya majike, akatikisa kichwa: ilifaa jamii zote mbili. Mfanyabiashara mmoja akazivusha chupa mpakani Kasindi, na kutoka Uganda zikaenda kwa mwalimu wa zamani wa Madame Docteur, huko Ulaya.

Huko walitafuta ADN ya mitokondria. Mitokondria ni vyumba vidogo ndani ya seli vinavyoipa nguvu, navyo vina ADN yao wenyewe, fupi, inayorithiwa kwa mama. Nakala zake ni nyingi katika kila seli, kwa hiyo mnyoo mmoja tu hutosha. Mashine huzidisha kipande kimoja cha ADN hiyo, na urefu wake husaidia kutenganisha jamii: katika jamii ya baridi kipande ni kifupi, katika ile ya joto tuliyoiogopa ni kirefu.

Jibu lilikuja kwa phonie, redio ya mawasiliano ya parokia, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yetu. Sauti ilikatika, ikarudi: «Kifupi! Narudia, kifupi!» Madame Docteur alinikumbatia, na foleni nzima ikapiga makofi bila kujua kwa nini.

Mama Masika alipanda mahindi, akang'oa kila gugu ambalo mnyoo angejificha mizizini mwake, kisha akapanda ngano. Aliporudisha viazi, alinitumia kikapu cha viazi visivyo na kinundu hata kimoja. Vilikuwa na udongo wote juu yake, mpaka mlangoni pangu pakachafuka.

Sasa nimestaafu, na vijana wa Butembo wananieleza mashine zinazosoma ADN herufi kwa herufi. Nafurahi kuwasikiliza. Lakini mashine haiwezi kusoma kisichokuwemo chupani.

Kwa hiyo kesho, ukienda shambani, chagua mmea unaonyauka. Uchimbe kwa jembe, usiung'oe kwa mkono, maana mafundo hukatika yakabaki ardhini. Funga mizizi pamoja na udongo wake, iweke kivulini, uilete. Usiioshe.