Nilimpigia Mama Mkwe Kura Isiyo Yake

Admin, jina langu usiliweke. Mama mkwe haoni, lakini wajukuu wake wanamsomea kila kinachopita kwenye simu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa huku Bukombe, nina mtoto mmoja wa kike, nimwite Nkwimba. Mume wangu anachimba dhahabu kwenye maduara, mimi nauza mitumba minadani. Tunaishi na mama yake, mjane, ambaye macho yameingia ukungu mpaka watu anawajua kwa sauti. Huyu mama hajawahi kunitolea neno baya tangu niingie kwake. Naandika huku najionea aibu.

Kwenye udiwani hapa kwetu aligombea mwanamke mmoja, nimwite Mama Kulwa. Mama mkwe anampenda sana, kwa sababu Jumapili mimi nikiwa mnadani, yeye ndiye humshika mkono na kumpeleka kanisani. Mimi simpendi. Kiangazi cha mwaka juzi alikuwa kwenye kamati ya maji, akaitoa ndoo yangu kwenye foleni ya bomba mbele ya watu na kusema, "Una mtoto mmoja tu, maji yote haya ya nini? Zaa kwanza, ndiyo uje na ndoo tano." Watu walicheka. Mimba mbili zimenitoka, na yeye alikuwa anajua.

Siku ya kupiga kura ilikuwa mapumziko, hata maduarani watu walitoka. Tuliamka mapema ili tuwahi, tukae nyumbani siku nzima kama familia. Wazee na wagonjwa hawapangi foleni, kwa hiyo tulitangulizwa. Mume wangu alipiga yake, mimi yangu. Ikafika zamu ya mama. Asiyeona anaruhusiwa kuchagua mtu anayemwamini amsaidie. Msimamizi akamuuliza nani atamsaidia. Mwanawe wa kumzaa amesimama pale, lakini mama akasema, "Huyu Mama Nkwimba. Ndiye macho yangu."

Tukaingia kwenye kituturi. Akaninong'oneza kwa lile neno la Kisukuma analoniitia, yaani mama, "Mayu, urais na ubunge weka unapoona panafaa, wewe ndiye unayesikiliza redio. Ila ya udiwani ni yangu. Mpe Mama Kulwa."

Nikaiona picha ya Mama Kulwa kwenye karatasi, anatabasamu. Hasira ya bombani ikanipanda upya. Nikaweka alama ya vema kwa mwingine, mtu ambaye hata simjui.

"Umempa?" akaniuliza.

"Nimempa, mama."

Nikakunja karatasi, nikamshika mkono, akazitumbukiza mwenyewe kwenye masanduku. Alitoka anacheka kama binti.

Saa mbili na nusu tulikuwa tumerudi. Mume wangu akachinja jogoo, nikapika ugali, Nkwimba akamchemshia bibi yake matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwa siku nyingi hatukuwahi kukaa wote hivyo, redio chini chini, hakuna anayekimbilia popote. Kabla ya kula mama akasali, akamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwenye macho mazuri. Mume wangu akaitikia amina kwa nguvu. Mimi nikamwekea mama paja la jogoo kwenye sahani yake.

Mama Kulwa alishindwa, tena kwa mbali. Nimejiambia mara nyingi kwamba kura moja isingemsaidia. Haisaidii, maana ile kura haikuwa yangu.

Jumapili iliyofuata sikwenda mnadani, na Mama Kulwa alikuja kumchukua mama kama kawaida, ingawa hakuna udiwani tena wa kuutafuta. Mama akamwambia, "Usihuzunike. Yangu uliipata, muulize huyu, ndiye aliyeiweka." Mama Kulwa akanitazama, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Mama Nkwimba, yale maneno ya bombani yananila mpaka leo. Nisamehe. Sikutegemea kwamba wewe ndiye ungenisaidia kura." Mama akaongezea shukrani kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu, wabeja." Nami nikaitikia asante, jamani! Nimepokea shukrani ya watu wawili kwa kitu ambacho sikukifanya.

Mume wangu hajui. Nikimwambia mama, namuua moyo, na huenda asimwamini tena mtu yeyote kumshika mkono. Nikinyamaza, kila akinisifu kwa wageni natamani ardhi ipasuke.

Jana hospitali walimpa chupa mbili za dawa, ya macho na ya kifua. Akaniita nimwambie ipi ni ipi. Nikamwambia. Akaidondoshea jichoni pale pale, wala hakuniuliza mara mbili.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini mkimaliza mnishauri. Nimwambie mama ukweli, au nife nao? Na Mama Kulwa nimwambie nini?