Tulivyomwomba Mkwezi kwa Mjomba Wake

Masika ya kwanza baada ya uhuru, kiwanja chetu cha Gazi kikiwa kimejaa maji, timu ilibaki bila golikipa. Yule wa zamani alipata kazi bandarini Mombasa, na walinzi wawili wakamfuata. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, na kwa kuwa nilijua kuandika barua nikafanywa katibu.

Nahodha wetu, aliyekuwa seremala, alisema nafasi hizo zitajazwa na watu wasiowahi kucheza popote. Nikamuuliza tutajuaje kama wanaweza.

"Hatutajua," alinijibu huku akipiga randa. "Anayejulikana, Mombasa wamekwisha kumchukua."

Golini alimtaka mkwezi mmoja wa kijiji cha Bongwe. Alikuwa amemwona juu ya lori akidaka nazi walizomrushia watu wawili, na hakuna hata moja iliyomponyoka.

"Nazi hazipigwi mateke," nilisema.

"Na mpira haukuvunji kidole ukiukosea. Nenda ukamwombe kwao."

Kwetu Wadigo, neno la mwisho juu ya kijana lilikuwa la mjomba, kaka wa mamake. Nililijua hilo vizuri, na sikulikubali. Nchi ilikuwa huru. Kwa nini mtu wa miaka ishirini na zaidi aombewe ruhusa kwa mjomba? Nikaona kama ni lazima kuomba, basi baba ndiye mzazi. Nikaenda kwa baba wa mkwezi. Alikubali hata kabla sijamaliza kusema, nami nikarudi nikijiona nimeshinda.

Mkwezi alikuja mazoezini wiki mbili. Mipira ya juu aliichuma tu. Ya chini ilimpita kana kwamba haimhusu. Halafu akaacha kuja, na mechi ya kwanza ilikuwa imekaribia. Nilimfuata Bongwe, nikamkuta akisuka kamba ya kukwelea.

"Mjomba amenipa minazi ya Msambweni," alisema. "Kila siku ya mazoezi, mimi niko juu."

"Na wewe mwenyewe wataka nini?"

"Kudaka. Sijapata kupenda kitu kama hicho. Lakini mjomba ndiye atakayeniozesha. Au timu ndiyo itakayoniposea mke?"

Nilirudi Gazi. Nahodha aliposikia hakunigombeza; alivaa kanzu yake ya Ijumaa tukaenda wote kwa mjomba, tukamkuta akishona makuti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule msomi?"

"Ndimi."

"Baba yake alikujibuje?"

"Alikubali."

"Angekataaje? Hata ungemwomba ng'ombe wangu angekupa."

Nilianza kueleza habari za mtu mzima na hiari yake. Nahodha akanikanyaga mguu. Nikasema nilichotumwa kusema tangu mwanzo, "Mjomba, tumekuja kukuomba mpwao."

Aliendelea kushona mpaka kuti likaisha.

"Anaweza mchezo huo?"

Nahodha alifungua kinywa, lakini mzee alikuwa akinitazama mimi.

"Sijui," nilisema. "Mipira ya chini inampita."

Nahodha alishusha pumzi kama mtu aliyeangusha sinia la pilau. Mjomba akacheka.

"Kumbe hata msomi hajui. Haya, mchukueni mechi moja. Akinitia aibu anarudi juu."

Siku ya mechi mkwezi alifungwa mabao mawili, yote ya chini. Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya goli, mikono mgongoni, akimwambia kwa sauti ya kawaida, "Inama. Wewe si mnazi." Karibu na mwisho kijana alilala chini akaukumbatia mpira mmoja matopeni, akakawia kuinuka nao. Tulifungwa mawili kwa moja.

Watu walipoanza kuondoka, mjomba alimjia nahodha.

"Mazoezi yenu siku gani?"

"Jumatatu na Jumatano, mjomba."

Alifikiri kidogo, akamtazama mpwawe aliyekuwa akikamua shati lake.

"Jumatatu ana kazi yangu," alisema. "Jumatano hatakwea."