Kochi Lililopigwa Picha Mara Tatu

Lami inaisha ghafla, kana kwamba waliokuwa wakiimwaga waliitwa kula na hawakurudi. Kuanzia hapo lori la mbao linakwenda kwa kuyumba, dereva akikwepa mashimo anayoyafahamu kama meno yake mwenyewe, na mgeni aliyekaa pembeni yake hana la kufanya ila kushikilia mlango na kutazama. Maduka mawili yanatazamana. Inafuata zahanati ya ukuta wa chokaa, kisha nguzo za umeme, mpya kiasi kwamba bado zinanuka dawa. Kwa kawaida, kabla mgeni hajamwona mtu, husikia randa ikipita juu ya ubao: shaa, kimya kidogo, shaa.

Asubuhi hiyo randa haikusikika.

"Leo Kesho ana nini?" dereva alijiuliza, akapunguza mwendo. Halafu akakanyaga breki kabisa, maana kochi lilikuwa linavuka barabara.

Lilikuwa kochi la watu watatu, la kitambaa chekundu, likielea juu ya vichwa vya wanaume wanne. Wa mbele kushoto, aliyekuwa akipiga kelele "Taratibu, jamani, taratibu, hilo si gunia!", ndiye Kesho mwenyewe, fundi seremala. Jina alilopewa alipozaliwa lilibaki kwa mama yake na kwenye kitambulisho. Wengine wote walimwita kwa jibu lake. Fundi, kitanda changu? Kesho. Fundi, mlango wangu? Njoo kesho.

Kochi halikuwa lake. Yeye ndiye aliyelitengeneza, ila mwenye kochi alikuwa muuza duka, yule wa nyuma kulia, aliyebeba huku akilitazama kila hatua kama mtu anayemsindikiza binti yake kwa wakwe.

Ilianza na mwalimu mkuu. Shule ilikuwa imepata fedha za madawati, madarasa yote, na kazi ilitakiwa iishe kabla muhula haujafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuja hadi kwenye karakana, akasimama katikati ya maranda, akasema bila kuzunguka: "Fundi, kazi yako naijua. Dawati lako litawazika wanafunzi watatu kwa zamu. Lakini nikikupa wewe, watoto watakaa chini mpaka wawe na wajukuu. Tafuta mashine ya kuranda. Ukiipata, kazi ni yako. Usipoipata, nawapa wale wa mjini."

Kazi kama hiyo fundi hakuwahi kuiona tangu ashike patasi. Ilitosha kumwezesha kulipa ada za pacha, kuezeka karakana na kuacha kuishi kwa kutumaini harusi za watu. Akafunga safari ya mjini. Benki walitaka hati ya kiwanja, na kiwanja chake baba yake alikigawa kwa kunyoosha mkono tu: wewe huku, mdogo wako kule. Shemeji yake akamwelekeza kwa bwana mmoja anayekopesha kwa riba ya wiki. Fundi alipomwona amevaa pete tatu na viatu vinavyong'aa saa nne asubuhi, akasema anakwenda kujisaidia, na hakurudi. Mwisho akafika kwenye shirika dogo la mikopo, ghorofani, juu ya duka la matairi. Hao walimsikiliza. Walisema afisa atakuja nyumbani kupiga picha za vitu vya dhamana: makochi, kabati, televisheni, chochote cha thamani; au alete wadhamini.

Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Nyumbani kwa fundi seremala kulikuwa na vigoda viwili, kimoja kikichechemea, na meza isiyo na droo kwa sababu droo ilimkamilishia mteja meza yake. Kila kitu kizuri alichokitengeneza kilikuwa kimeuzwa kabla varnishi haijakauka.

Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyepata wazo.

"Baba Pacha, kila kitu cha kukalia mji huu umekitengeneza wewe. Kwa nini visirudi nyumbani siku moja kusalimia?"

Ndivyo kochi la muuza duka lilivyovuka barabara. Kabati la vioo lilitoka kwa nesi wa zahanati, na meza ndefu ilitoka kwa mama wa mgahawa, ikiwa bado ina duara la kikombe cha chai ambalo Mama Pacha alilisugua mpaka akakata tamaa, akaweka kitambaa juu. Sebule ilijaa hadi watu walipita ubavu-ubavu. Pacha walisimama mlangoni, midomo wazi.

"Mkiruka juu ya kochi," mama yao aliwaambia, "nitawarusha nje."

Afisa mikopo alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyelala kidogo. Alisalimia vizuri, akavua viatu, akaambiwa akae. Akakaa kwenye kochi jekundu, akashusha pumzi, mkono wake ukatua kwenye egemeo la kulia.

Ukabaki pale. Kisha vidole vikaanza kutembea, pole pole, vikifuata ukingo wa alama ya pasi iliyounguza kitambaa.

Afisa alisimama. Akalizunguka kochi, akalipiga picha kwa simu. Akakaa tena, akawa anazipitisha picha za nyuma kwa kidole gumba.

"Fundi, kochi hili umekuwa nalo muda gani?"

"Tangu lilipokuwa mbao, bosi." Na huo haukuwa uongo.

"Aha." Afisa akamgeuzia simu. "Maana mimi na hili kochi tunafahamiana. Tulikutana mwaka juzi kwa muuza duka. Mwaka jana nikalikuta kwa mama wa mgahawa, nikasema labda nimechoka. Leo tena tuko wote hapa. Nikienda likizo, nitalikuta limekaa na mama yangu."

Nje ya dirisha mtu alicheka, mwingine akamziba mdomo. Wenye vitu walikuwa wamejibanza pale tangu asubuhi, kila mmoja akilinda chake.

Fundi aliyaona madawati yakiondoka, moja baada ya jingine, yakipanda lori la watu wa mjini. Angeweza kusema amelinunua kwa muuza duka wiki iliyopita. Alimtazama mkewe, naye akatazama sakafu.

"Si langu, bosi," akasema. "Na kabati si langu, na meza. Humu ndani changu ni godoro na hao pacha."

"Na mimi?" Mama Pacha akauliza.

"Na wewe."

Afisa alijikuna kidevu. Hakuonekana kukasirika, ila alionekana mtu mwenye njia ndefu ya kurudi bila kitu mkononi. "Lakini pale ofisini walikwambia kuna njia mbili. Vitu, au wadhamini watatu wenye shughuli zao, wasio ndugu zako. Kwa nini hukuleta watu?"

Fundi aliinama. Aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni.

"Ningemwendea nani, bosi? Mtu gani hapa sijamwambia kesho? Kochi mtu anakuazima, jioni linarudi kwake. Jina lake anakupa mwaka mzima. Ningeanzia wapi kumwomba mtu jina lake, na kitanda chake nilimpa mwaka wa pili?"

Mlango ulisukumwa. Muuza duka aliingiza kichwa. "Samahani sana, nimekuja tu kuliangalia lile... lile..."

"Kochi lako," afisa akamalizia. "Ingia. Na hao wengine wa dirishani nao waingie, huko nje jua kali."

Waliingia, muuza duka mbele, nesi nyuma yake akiwa na sare yake, mama wa mgahawa mwisho, akijifanya anafunga mtandio ili asionane macho na afisa.

"Wewe mama," afisa alimwambia, "usijifiche. Mkopo wako ulimaliza lini?"

"Kabla ya wakati," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Na muuza duka vilevile. Hili kochi ndilo mteja wangu bora kuliko wote, halijawahi kuchelewesha rejesho. Lakini siwezi kulikopesha mara ya tatu." Akawageukia wote. "Hebu niambieni. Huyu mtu mnamjuaje?"

Lilikuwa swali la kawaida, la kikazi. Hakujua amefungulia maji.

"Huyu?" nesi alianza. "Niliagiza kitanda cha mtoto nikiwa na mimba. Kilipokuwa tayari, mtoto alikwenda kukichukua mwenyewe, kwa miguu yake!"

"Mimi wateja wangu walikula wima kama farasi," mama wa mgahawa akadakia. "Mabenchi yalikuja msimu umepita."

"Afadhali nyinyi!" Muuza duka alipiga kiganja juu ya kochi. "Mimi nilioa. Mke wangu kaja bibi harusi, kakaa juu ya gunia la sukari. Mama mkwe kaja kutusalimia, naye juu ya gunia! Mpaka leo akiniona ananiita mwenye ghala."

Fundi alitamani sakafu ifunguke. Afisa aliwaacha waseme mpaka walipoanza kurudia, ndipo akainua mkono.

"Sawa. Kachelewesha. Fedha za awali mlizompa, alizila?"

Wakatazamana.

"Hapana," nesi akasema. "Hilo hapana. Na kitanda kile sasa kinamlaza mtoto wa tatu."

"Hata msumari hakupunguza," alisema mama wa mgahawa.

"Basi anachelewa kwa nini? Mvivu?"

Mama Pacha alilipuka. "Mvivu! Baba Pacha, vua shati. Vua waone!" Fundi alikataa, mkewe akamshika tu bega la kulia na kulivuta mbele, lilikuwa limepanda juu ya lile jingine kama kilima. "Anaranda kwa mkono! Ubao mmoja unakula asubuhi nzima. Anapokea kazi za watu kumi kwa sababu anaona haya kumkatalia mtu, halafu jioni hawezi hata kuinua kijiko. Sasa aseme nini? Anasema kesho!"

Muuza duka alilitazama lile bega. Alikuwa amelikuta mbele yake kila siku kwa miaka, na hakuwahi kuliona.

"Na mkopo huu ni wa kununua nini?" afisa akauliza, ingawa alijua.

"Mashine ya kuranda," fundi akasema.

Afisa akaanza kucheka, kwanza puani, kisha wazi wazi, mpaka pacha nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. "Jamani. Nimezunguka sehemu nyingi na kazi hii. Sijawahi kusikia watu wakimsema mtu namna hii, na kila wanachosema kinamwombea mkopo." Akajifuta macho. "Nahitaji watu watatu. Nawaona watatu. Siwalazimishi."

Nesi alikubali kabla afisa hajamaliza. Mama wa mgahawa akakubali, labda kwa ajili ya picha ya mwaka jana. Akabaki muuza duka, naye hakuwa mtu wa haraka.

"Akishindwa kulipa, mnakuja kwangu?"

"Tunakuja kwako."

"Dukani?"

"Dukani."

Alilizunguka kochi lake, akalikalia, akaegemea. Mtu huyu alikuwa na haki yote ya kusema hapana, na fundi alijua angemwelewa na hata kumsaidia kulirudisha kochi.

"Wanangu wawili wanakaa chini pale shuleni," muuza duka akasema hatimaye. "Wanarudi na vumbi la sakafu makalioni, mama yao ananinunia mimi. Haya. Namdhamini. Kochi langu linarudi lini?"

Fundi akafungua mdomo: "Ke—"

"Leo!" walipaza sauti wote, nesi mpaka pacha.

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni. Alicheka, akajikuta anafuta uso kwa kiganja chenye gundi kavu, na hakuna aliyemwangalia sana. Afisa alifuta picha mpya ya kochi kwenye simu yake, akaomba maji ya kunywa.

Fedha ziliingia wiki iliyofuata, kwa ujumbe wa simu, fundi akiwa na penseli sikioni. Aliusoma. Akampa mkewe ausome kwa sauti, kisha akamwomba aurudie. Mchana huo alilala juu ya rundo la maranda mpaka jua lilipozama, usingizi mzito ambao Mama Pacha hakuwa ameusikia ukikoroma hivyo tangu mwalimu mkuu alipokuja. Majirani walipita wakinong'ona kama wanaopita karibu na mgonjwa aliyepata nafuu.

Asubuhi ya safari alivaa shati la pasi na kupanda pikapu ya muuza duka, aliyekuwa anakwenda mjini kuchukua mzigo.

"Usinunue kwa sababu ya rangi!" Mama Pacha alipiga kelele dirishani. "Angalia injini!"

"Mama Pacha, yangu ni ya umeme. Haina injini, ina mota."

"Basi angalia hiyo mota!"

Pikapu ikaondoka, mkono wa fundi ukipunga nje mpaka kwenye kona ya zahanati. Waliobaki walirudi karakanani kuandaa mahali. Walifagia, wakasogeza mbao, nesi akashika ncha moja ya kamba aliyoikata fundi kwa kipimo cha mashine na mama wa mgahawa ncha nyingine, wakapima nafasi, ikatosha. Kisha Mama Pacha akapima mlango. Akapima tena, akawaita waje waone wenyewe: mashine isingepita, hata kwa ubavu.

Walibishana kidogo, wakacheka sana, mmoja akaleta nyundo na mtaimbo. Wakaanza kuing'oa fremu ya mlango. Fundi alikuwa ameitengeneza mwenyewe, na ilipofika adhuhuri walikuwa bado wametoa msumari mmoja tu.