Kiti Kilichokataa Sponji

Mume wangu hana jina siku hizi. Jina lake limo kwenye kitambulisho na kwenye cheti chetu cha ndoa, lakini mtaa mzima humwita Sponji, na mtu akija kumuulizia kwa jina lake halisi tunajua huyo katumwa na serikali. Kazi yake ni kushona viti vya magari. Mpelekee kiti kilichochakaa, atakurudishia kinene, laini, kimenyooka mishono. Kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kurudisha kiti kama alivyokipokea. Hiyo ndiyo fahari yake, na ndiyo iliyotuponza.

Gari letu ni kuukuu, rangi imebabuka kwenye boneti, lakini kiti cha nyuma ni cha kifalme. Alikijaza sponji safu tatu, akakivika ngozi bandia ya rangi ya kahawa. Wateja wapya hukalishwa humo kwanza. "Keti," huwaambia, "bei tutaongea baadaye." Wakishazama hawabishani tena. Mimi sikuwahi kukipenda. Kwa umri wangu, kutoka ndani ya kile kiti ni jambo la kupangia siku.

Tuna mtoto mmoja, binti, anayefanya kazi maabara ya hospitali. Naye ana mtoto wa kike wa miezi minne. Babu yake humwita mchumba wangu, mimi humwita mke mwenzangu, na kusema kweli mume nimenyang'anywa mchana kweupe. Likizo ya uzazi ilikuwa inakwisha na binti yetu alitakiwa kazini Jumatatu. Mpango wetu ulikuwa kila asubuhi twende kwake tumchukue mtoto, tushinde naye kwetu, tumrudishe jioni. Sponji alishaanza kukataa kazi za mchana. Alisema ana miadi.

Alhamisi binti akaja na sharti lake.

"Baba, mtoto hatapakatwa garini," alisema. "Atakaa kwenye kiti chake, kimefungwa vizuri, siti ya nyuma. Nitakuja Jumapili saa kumi nikikague. Kisipokuwa sawa nitampeleka kituo cha kulea watoto karibu na kazini. Wameniwekea nafasi."

"Nina miaka thelathini na mitano kwenye usukani, mwanangu."

"Najua, Baba. Mingine nilikuwemo." Akagusa kovu lililo juu ya nyusi yake.

Hilo kovu ni letu sote watatu. Alikuwa na miaka miwili, nimempakata mbele, nimemkumbatia kwa mikono yote. Lori likarudi nyuma ghafla na mume wangu akafunga breki. Hatukuwa na mwendo wowote wa maana, hata mwenye baiskeli angetupita. Lakini mtoto alichomoka mikononi mwangu nikiwa bado nadhani nimemshika. Nilijilaumu miaka mingi, mpaka nikakubali kwamba mikono ya mtu haishindani na breki. Mume wangu yeye alishika sindano. Wiki iliyofuata aliivika dashibodi yote sponji. Tangu hapo jibu lake kwa kila kitu kigumu ni hilo hilo, na sikuwa na moyo wa kumcheka.

Ijumaa asubuhi tukaanza kutafuta kiti. Makanika wa jirani na kibanda chake alikuwa nacho kimoja, alichokitoa kwenye gari lililopata ajali. Kava lake lilikuwa la kupendeza, na Sponji akaanza kulipapasa mshono kwa mshono huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikauliza gari liligongwa wapi.

"Ubavuni, Mwalimu, lakini kidogo tu," makanika akasema.

Nikamwambia kiti kilichopitia ajali kimeshamaliza kazi yake. Gamba la plastiki linaweza kuwa na ufa chini ya kava, na uzuri wa kitambaa hautauziba.

"Mwalimu hana dogo," akamwambia mume wangu.

Kweli sina. Nilifundisha darasa la tatu miaka ishirini na tisa, na kila dogo nililoliacha lilirudi likiwa kubwa.

Dukani Sponji alipita akibonyeza viti kwa dole gumba. "Kigumu. Kigumu. Hiki nacho wametuona wajinga." Mimi nilikuwa nasoma lebo. Nilitaka kiti cha kugeuza, kile ambacho mtoto mchanga hukaa akitazama nyuma ya gari, halafu akikua na kuvuka kipimo kilichoandikwa, unakigeuza atazame mbele. Mtoto wa miezi minne kichwa chake ni kizito na shingo ni laini. Gari likisimama ghafla naye katazama nyuma, mgongo wa kiti humpokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kwa hiyo nilichagua kinachoruhusu kutazama nyuma mpaka uzito mkubwa zaidi, chenye tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kuacha kutumika zimechapwa kwenye gamba. Hapo nimpe mume wangu haki yake. Yeye ndiye aliyetoa futi ya kushonea mfukoni, akapima kiti, akaenda nje kupima nafasi ya gari, akarudi na kusema kitaingia bila kugusa siti ya mbele. Sentimita mbili zikabaki.

Kijitabu cha maelekezo nilimpa jioni ile ile. Akakiweka juu ya friji.

"Fundi hasomi karatasi," alisema. "Fundi anasoma kitu chenyewe."

Jumamosi nilikwenda kumwona dada yangu. Niliporudi mchana nilikikuta kiti mezani pa cherehani, na kwanza sikukitambua. Kilikuwa kimejazwa sponji ya inchi mbili mgongoni na makalioni, kimevikwa kava jipya la kijani, na mikanda ya mabega imezungushiwa mito midogo minene ya sponji. Nisidanganye, kilikuwa kizuri. Mishono ilikuwa midogo na sawasawa kuliko yote niliyowahi kuiona mkononi mwake. Naye alikuwa amesimama kando akisubiri sifa kama mtoto aliyemaliza hesabu wa kwanza.

"Sasa mchumba atakaa," akasema.

"Umekiharibu."

Neno hilo sikuwahi kumwambia tangu anioe. Alinitazama kama nimemmwagia maji. Akaniambia mimi kazi yangu ni chaki, yake ni viti. Nikamjibu kwamba chaki inasomeka na yeye hataki kusoma. Tukala chakula bila kuzungumza, kila mmoja anatazama sahani yake, na maji tukapitishiana kwa ishara.

Nilipoosha vyombo hasira ilipungua kidogo, nikakumbuka kwamba maneno matupu hayajawahi kumfundisha mtu. Nikachukua mifuko mitatu ya unga, ya kilo mbili mbili, nikaifunga pamoja kwa taulo mpaka ikapata unene wa mtoto. Nikaiweka kwenye kiti.

"Mfunge mchumba wako," nikasema.

Akafunga. Akavuta mkanda, akavuta tena. Nikajaribu kuukunja mkanda pale begani kwa vidole viwili, ukakataa. Ukiweza kuukunja umelegea, ukishindwa umekaza. Ndivyo kijitabu kilivyosema.

"Umeona?" akasema, sauti imeshapanda.

"Nimeona. Sasa mkanda usiuguse."

Nikafungua kava lake kwa nyuma na kuichomoa ile sponji yote, polepole, ya mgongoni na ya makalioni. Kisha nikausukuma unga ukae pale gamba lilipo. Mikanda ikaning'inia. Nikapitisha ngumi yangu nzima kati ya mkanda na taulo.

"Gari likigonga kitu, sponji inabonyea yote kwa mara moja," nikasema. "Ikibonyea, huu ndio mkanda anaobaki nao."

Akapitisha mkono wake, mkubwa kuliko wangu, ukaingia. Akautoa. Akaupitisha tena. Halafu akavuta kigoda, akaketi, akachukua wembe wa kufumulia na kuanza kufumua kava la kijani, uzi mmoja mmoja. Bahati nzuri hakuwa amekata mshono wowote wa kiwandani, na mikanda hakuwa ameigusa kwa sindano. Nilimwonea huruma. Nilitaka kumwambia ni kazi nzuri, nikaona nitamtonesha. Nikamletea kijitabu na miwani yangu. Akasoma mpaka ukurasa wa mwisho, midomo ikichezacheza, na palipokuwa na picha akageuza kichwa.

Jumapili tukaanza kufunga saa nne asubuhi. Gari alilipeleka mahali palipo sawa kabisa kwenye ua, kwa kuwa ubavuni mwa kiti kuna mstari unaotakiwa ulale sambamba na ardhi. Mkanda wa gari una njia mbili za kupita kwenye kiti cha namna hii, ya kutazama nyuma na ya kutazama mbele, na hapo hakubabaika, akaupitisha penyewe. Akakandamiza kiti kwa mkono mmoja, akavuta mkanda kwa mwingine, akaufunga usirudi. Kisha akashika pale mkanda unapopita na kukitikisa. Kinachoruhusiwa ni inchi moja, upana wa dole gumba. Chetu kilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Akafungua, akafunga upya. Kikacheza. Mara ya tatu aliingia na goti, jasho likamtiririka hadi kwenye kijitabu, na bado kikacheza vidole vinne. Ule mstari nao kila akikaza ulikwenda upande.

Ilikuwa saa saba. Nilijua tatizo ni nini, na nilijua naye anajua. Mara hii nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo si la kila siku.

Alisimama mlangoni mwa gari akikitazama kiti chake cha kifalme. Akakibonyeza kwa kiganja, kikazama, kikainuka. Kwa miaka kumi na mmoja kile kiti kilikuwa ndicho bango lake.

"Kinazama," akasema hatimaye. "Hakuna kitakachosimama juu ya hiki."

"Tunaweza kumwomba aongeze siku moja."

"Saa kumi ni saa kumi."

Akaenda kuleta spana na koleo. Akakitoa kiti chote, akakibeba begani mpaka barazani, akakipasua. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi hatupi kitu, na ndani kabisa ya stoo, nyuma ya mabaki ya ngozi, palikuwa na kile cha kiwandani alichokitoa zamani, chembamba, kigumu, kina mistari ya kijivu na harufu ya panya. Tukakikung'uta vumbi pamoja. Saa tisa kasorobo kilikuwa garini. Saa tisa na nusu kiti cha mtoto kilikuwa juu yake, naye akakitikisa kwa nguvu zote mpaka gari zima likayumba. Kiti chenyewe hakikusogea hata nusu ya dole gumba. Mstari ulikuwa umelala.

Binti alifika saa kumi na dakika tano. Hakusalimia vizuri. Alishika kiti na kukitikisa, akainama kutazama mstari, akamweka mtoto, akahakikisha mikanda inatokea usawa wa mabega na si juu yake, akapandisha klipu ya kifuani mpaka usawa wa kwapa. Kisha akajaribu kuukunja mkanda begani. Vidole vikateleza. Sponji alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

Binti akainuka. Ndipo alipoiona siti.

"Baba. Kiti chako kiko wapi?"

"Kipo stoo," akasema. "Kimestaafu."

Binti akaigusa ile siti ngumu. Macho yakamlengalenga, na huyo si mtu wa kulia ovyo. Akavua mkoba wa nepi begani mwake na kumvika baba yake. "Kesho saa kumi na mbili na nusu," akasema.

"Saa kumi na mbili," akajibu.

Asubuhi ile ya Jumatatu mimi nilikaa nyuma, ubavuni mwa mke mwenzangu. Alikuwa ameshiba, nepi kavu, nguo nyepesi isiyoweka nafasi chini ya mkanda, blanketi nimemfunika kwa juu baada ya kumfunga. Tulipopita mzunguko wa kwanza akaanza kulia. Nikamwimbia. Akaongeza. Nikampa kidole, akakitupa. Uso ukawa mwekundu, machozi yakamfika masikioni, na kile kilio kikaniingia mifupani kuliko nilivyotarajia. Mimi niliyepitisha ngumi kwenye mkanda, mimi nisiye na dogo, nikajikuta nimeshika klipu. Nilikuwa najiambia ni dakika mbili tu, nimpakate atulie, tumekaribia.

Gari likapunguza mwendo, likasimama pembeni. Mume wangu akageuka.

"Mwalimu, toa mkono."

"Analia."

"Nasikia."

Akashuka, akaja upande wa mtoto, akampapasa mgongo, mapaja, shingo. Hakuna kilichombana, hakuna kilichomchoma. Ni usingizi tu alikuwa anapigana nao. Nikaona macho ya mume wangu yameloa, na mkono wake umesimama juu ya kifungo chekundu cha mkanda kama vile unaomba ruhusa. Hakukibonyeza. Akavuta mkanda uliokuwa tayari umekaza, akaukagua begani kwa vidole viwili, akafunga mlango na kurudi kwenye usukani.

"Mchelea mwana kulia," akasema, akinitazama kwenye kioo, na kuniachia nusu ya pili.

Nikaurudisha mkono wangu mapajani.

"Hulia yeye," nikasema, naye akaingiza gari barabarani.