Mstari wa Ukutani na Friji ya Mkoani

Kwa mwaka mzima na ushee niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba dawa ya kumaliza kabisa virusi vya UKIMWI imefungiwa ndani ya friji moja pale Singida Mjini. Si hizi za kufubaza tunazomeza kila siku. Ya kumaliza. Unameza mara moja, unaenda zako. Ilisemekana haitolewi hovyo: kila kituo cha afya kina mstari wake ukutani, na kituo ambacho mstari wake utagusa juu kabisa ya karatasi ndicho kitakacholetewa kwanza, kwa gari lenye king'ora.

Nani alisema? Benchi. Benchi la kusubiria dawa kituoni kwetu lilikuwa na habari kuliko redio. Mimi niliipokea habari ikiwa nyembamba nikainenepesha. Ilipofika kwangu friji haikuwa hata na kufuli. Ilipotoka kwangu ilikuwa na kufuli mbili na askari mwenye bunduki, na dawa yenyewe ilikuwa na rangi ya maji ya ziwa Singidani asubuhi.

Usidhani sikufundishwa. Pale kituoni nilikuwa WAVIU mshauri, yaani mtu anayeishi na virusi mwenyewe, anayewasaidia wenzake washike dawa na kuwafuata nyumbani wakipotea. Kila asubuhi ya kliniki nilisimama mbele ya watu na kusema kwa sauti ya mhubiri kwamba UKIMWI hauna dawa ya kuponya. Nilisema hivyo, na moyoni nikaongeza: bado haijafika.

Shule nilimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni. Nilikuwa naishi Mandewa, kulekule Singida Mjini, mchana nafyatua tofali, jioni nakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda hadi masikioni. Mwenzangu wa dawati alikuwa kijana mtaratibu, mkali wa hesabu. Yeye alinipa hesabu, mimi nilimpa insha. Tukafaulu wote, na hadi leo sijui ni nani kati yetu aliyesoma. Miaka ikapita, nikarudi kwetu Iramba, na siku niliyoenda kufungua faili kwenye kliniki ya dawa nikamkuta yeye ndiye mtunza takwimu. Alilisoma jina langu kwenye kadi. Hakushtuka wala hakugeuka kuangalia nani yuko mlangoni. Alisema, "Kaka, kumbe tuko dawati moja tena." Kwa maneno hayo ningempa figo, na la pili ningelitunza akilihitaji.

Mstari aliuleta sista, muuguzi mkuu wa kliniki yetu. Alitoka semina na karatasi kubwa ya miraba, akaibandika ukutani, akatukusanya watu watano na kutuita timu ya uboreshaji. Akasema kuanzia leo hapa hatuulizi nani kakosea, tunauliza ni hatua gani imekwama. Tunabadilisha kitu kimoja kidogo, tunahesabu, tunaangalia mstari. Ukipanda, tunakishika kile kitu. Usipopanda, tunakiacha bila kununiana. Mstari wenyewe ulionyesha, kati ya waliopangiwa kuja mwezi huo, wangapi wamekuja. Mwanzoni ulikuwa umelala chini kama mbuzi mgonjwa.

Nilipewa kazi ya kumuuliza mtu mmoja tu asiyekuja, nimuulize kwa nini mpaka sababu ziishe. Nikamchagua bibi mmoja wa upande wa Misigiri, muuza kuku. Hatuna udugu wa damu, ila alinifanya mjukuu tangu siku ya kwanza, na kwa utani wa bibi na mjukuu nikawa mume wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Hao wake zako wengine hawakulishi?"

"Bibi, tarehe yako ilikuwa juzi."

"Juzi ilikuwa mnada. Nikuulize wewe uliyesoma usiku: kuku wanaijua kliniki?"

"Basi ungekuja jana."

"Jana ningemwambia nini mwanangu? Nikipanda pikipiki siku isiyo na kitu ataniuliza naenda wapi. Siku ya mnada hata kichaa haulizwi anakoenda."

Nilirudi na jibu hilo kama mtu aliyeokota almasi. Kwenye kikao nikasema watu wa upande ule tuwape tarehe za siku ya mnada na waingie kliniki na mizigo yao, maana siku hiyo kila mtu ana sababu ya kuonekana barabarani. Sista akasema tujaribu kwa wachache. Tukajaribu. Bibi akaja na tenga lake la kuku, kuku wakakaa foleni pamoja na watu, jogoo mmoja akawika wakati sista anapima presha, na mwezi uliofuata mstari ukainua kichwa. Tukaongeza watu. Ukainuka tena. Mtunza takwimu aliuchora kwa rula, na kila alipochora alinikonyeza kama tuko darasani na nimepata mia.

Hapo ndipo habari ya friji iliponoga. Nilimwambia bibi, "Mstari ukigusa juu, wewe wa kwanza."

"Nikishapona nakuacha," akasema. "Natafuta kijana."

Lakini nilimwona anautazama ukuta. Tangu siku hiyo kila akija alipitia pale kwanza, akiwa bado na tenga mkononi, akauangalia mstari jinsi mtu anavyoangalia mawingu mwezi wa kumi na moja.

Baada ya mavuno ya alizeti hakuja. Mnada wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nilikuwa nimeshatoa baiskeli nimfuate, mwenzangu wa dawati akatoka ofisini akaushika usukani.

"Kaka, usijisumbue. Bibi amehama. Kamfuata binti yake Mkalama, barua ya uhamisho nimeiona mimi."

"Bila kuniaga?"

"Mke wako huyo, unamjua mwenyewe."

Tukacheka. Nikairudisha baiskeli. Siku hiyohiyo akanipa fomu za ufuatiliaji, zile ninazojaza nikimtembelea mtu aliyepotea, lundo zima, tupu. "Weka saini tu hapa chini," akasema, "mengine nitajaza mimi. Mwandiko wako wageni wanaokuja kutukagua hawataweza kuusoma." Nikasaini kwa madaha, kila saini na mkia wake.

Wageni walikuja Jumatatu kutoka mkoani. Mstari ulikuwa umebakiza unene wa kidole kugusa juu. Walisimama mbele yake wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi nikapewa nafasi ya kusimulia habari ya mnada. Nilisimulia hadi kuku wakawa mia tatu. Nyuma ya gari lao niliona boksi la barafu la bluu. Nilingoja wameingia ndani, nikalifungua. Maji ya chupa na soda. Nikajiambia hawa ni watangulizi.

Bibi alikuja mwezi uliofuata, siku ya mnada, bila tenga.

Alishushwa na bodaboda mlangoni, jua kali lakini amevaa sweta, na kikohozi kilimtangulia kuingia. Nilimwamkia. Akaitikia, akasema, "Mjukuu, naomba nikae." Hakuniita mume. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mjukuu. Nikamsogezea benchi.

Alikuwa ameenda kweli Mkalama, binti yake alijifungua kwa shida akakaa kumuuguza. Dawa zikamwishia kulekule. Aliporudi nyumbani mwili ulishachoka, hakuweza kutembea hadi barabarani. "Nikawa nakungoja," akasema. "Ulituambia hapa, umesimama palepale, mtu akikosa siku yake utamfuata hata chini ya kitanda. Kila nikisikia kengele ya baiskeli nasema huyo."

Nikaenda rafuni kuchukua faili lake. Halipo. Nikalikuta kwenye boksi chini ya meza ya takwimu, limeandikwa juu AMEHAMA, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, kwa sababu niliunakili miaka miwili. Sista akalifungua mbele yetu. Barua ya uhamisho haikuwamo. Kulikuwa na fomu ya ufuatiliaji inayosema mgonjwa ametembelewa nyumbani na imethibitishwa amehama. Chini yake kuna saini yenye mkia.

"Nimehamia wapi?" bibi akauliza. "Semeni basi nikapaone."

Sista akamlaza, akachukua makohozi na damu. Mimi nikabaki na lile boksi. Mafaili yalikuwa mengi, na karibu kila moja lilikuwa na saini yangu.

Nilimkuta mwenzangu nyuma ya stoo, kwenye tanki la maji, ananawa mikono polepole kama daktari wa upasuaji.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekuambia ungewafuata. Wengine ungewakuta, wengine usingewakuta, na mstari ungeshuka wiki ileile wageni wanakuja. Ilikuwa kalamu tu, kaka."

"Ilikuwa bibi."

"Sikufikiria nani ni nani. Niliangalia tarehe zilizopita."

"Jina lake uliandika herufi moja moja."

Akafunga bomba. "Na wewe ulisaini," akasema, bila hasira, vilevile kama alivyokuwa akinionyesha nilipokosea hesabu.

Nimewahi kutukanwa na walevi wa wilaya nzima, nimewahi kuachwa na mchumba siku ya kupeleka barua ya posa, na hayo yote niliyageuza hadithi kabla jua halijazama. Hili sikupata pa kulishika. Nilitaka kumpiga na nilitaka anifafanulie. Aliyenitunzia siri yangu kwa miaka yote, hata kwa mke wake, ndiye huyohuyo aliyeushika usukani wa baiskeli yangu akacheka na mimi.

Alhamisi tukakaa kikao. Sista aliweka boksi mezani na kusema maneno yaleyale ya siku ya kwanza: hapa hatuulizi nani kakosea. Kanuni hiyo nilikuwa nimeihubiri benchini mpaka watu wakaikariri. Siku hiyo nilitaka tuulize nani, mara moja tu, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Sista hakuuliza. Alisema hatua iliyokwama ni kwamba anayehesabu waliokuja ndiye pia anayewatoa kwenye hesabu, tena kwa fomu zilizosainiwa tupu. Akaniangalia mimi kwenye hilo la fomu, si kwa muda mrefu. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayeandikwa amehama mpaka kituo alichoenda kipigiwe simu na kusema tumempokea, na fomu nitajaza kwa mkono wangu, isomeke isisomeke. Kisha akampa mwenzangu rula achore upya, majina ya boksini yakiwa yamerudi yote.

Alichora. Mstari ukashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Hakunikonyeza, nami nisingemtazama. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa sauti ya ofisini, "habari za leo," "nzuri," na kila mmoja anashughulika na makaratasi yake. Nimewafuata watu wa lile boksi mmoja mmoja kwa baiskeli. Wapo waliohama kweli. Wapo niliowakuta wananingoja kama bibi. Na kuna nyumba moja nilikuta mkeka umetandikwa nje na watu wamekaa kimya, sikushuka kwenye baiskeli mpaka nilipoitwa.

Bibi alianza kupata nafuu wiki ya pili. Nilijua kwa sababu alilalamika kuwa uji una maji. Nilikaa pembeni ya kitanda, akauliza, "Ule mstari ukoje?"

"Umeshuka, bibi."

"Sana?"

"Sana."

Akaivuta shuka. "Basi ile dawa ya friji imenipita," akasema. "Nenda kamuulize sista kama kuna namna ya kutufikiria sisi tulioanguka. Mimi nilikuja kila mnada. Ni ile safari ya Mkalama tu."

Nikaenda. Na ukweli ni kwamba nilienda na hasira, nikimhesabia mwenzangu kosa lingine, kwamba kwa uongo wake ametusukuma mwisho wa foleni ya mkoa mzima. Nikamkuta sista anaandika. Nikamweleza ombi la bibi, kisha ikabidi nimweleze na friji, kufuli mbili, askari, king'ora, rangi ya maji ya ziwa. Nilipofika kwenye rangi sauti ikaanza kunipungukia.

Hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Hakuna dawa kwenye friji," akasema. "Friji ya mkoani naijua, ndani kuna chanjo za watoto. Dawa ya kumaliza virusi haijapatikana. Ule mstari unahesabu nani amekuja, basi. Nilisikia mnasema hayo tangu mwaka jana, nikamwambia mwenzako wa takwimu awaeleze, akaniambia ameshawaeleza. Sasa nenda kamwambie bibi, wewe mwenyewe, halafu hakikisha amemeza dawa zake za leo."