Ngozi Mbichi Kwenye Springi

Waliomuua mke wangu ni wawili, tajiri na fundi. Majina siyaandiki, lakini mtaa wote wa Majengo unawajua. Mimi nilikuwa dereva tu, shule yangu ya darasa la tatu, ila gari lile nililijua.

Lilikuwa steshenwagon kuukuu, tajiri alilinunua likiwa limechoka tayari. Tulipeleka abiria Ikola, ziwani, tukarudi na magunia ya dagaa. Miaka ile ya sabini ukitaka spea hapa Mpanda ulijibiwa hakuna kabla hujamaliza kuuliza.

Kiangazi kimoja likaanza kulalia kushoto, nyuma. Nikadhani ni magunia. Nikashusha kila kitu, nikalisimamisha kwenye simenti mbele ya duka la tajiri, bado limelala. Nikalikandamiza kitako kwa mikono miwili, nikaachia. Kulia lilipanda likatulia. Kushoto likaendelea kunesa, nikajua shokamzoba imekufa. Lakini shokamzoba ikifa gari hunesa, halilali. Basi nikaingia chini na brashi ya waya na mafuta ya taa, nikasugua springi jani moja moja. Kwenye jani mama, lile refu la juu linaloshikilia eksili ya magurudumu isihame, karibu na sikio la mbele linalofungwa kwenye fremu, palikuwa na mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Chuma kizima hakitoi kutu kwa mstari. Jani lilikuwa limepasuka.

Nikamwambia tajiri. Akacheka.

“Wewe dereva, kila siku gari linaumwa. Mbona mimi nikipanda haliumwi?”

“Wewe unakaa mbele, tajiri.”

“Basi na abiria waje mbele wote.” Akaita fundi.

Fundi alikata kipande cha springi ya lori, akakiweka chini ya ufa, akakifunga pamoja na jani kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Alikuwa amejifunza kwa wafugaji, hivyo ndivyo walivyofunga mpini uliopasuka. Ngozi unaizungusha ikiwa imelowa, inakauka na jua, inabana mpaka huwezi kupitisha ncha ya kisu. Ikakauka siku mbili. Niliigonga kwa nyundo ikalia kama ubao. Siwezi kusema ilikuwa kazi mbaya. Kiangazi chote tulikwenda Ikola na kurudi, gari limekaa sawa.

Mke wangu alikuwa ananunua dagaa kwao Ikola na kuuza sokoni Mpanda. Siku aliyoiona ile ngozi aliinama, akaitazama sana.

“Umelivisha kiatu,” alisema. “Na mimi viatu vyangu lini, baba?”

“Vyako vinakuja.”

“Vinatembea kwa miguu, ndiyo maana havifiki.”

Mvua zilipoanza nilimuuliza tajiri kama tusimamishe safari. Nilikuwa nafikiria matope, mimi. Akasema magunia yaliyoko ufukweni yataoza, nenda. Mke wangu akapanda nyuma kushoto na wanawake wenzake wawili.

Kabla ya mteremko wa kwenda ziwani kuna mto wa kuvuka kwa tairi, daraja hakuna. Maji yalifika kwenye eksili. Tulikwama katikati, tukasukumwa na watu waliokuwa wanalima jirani, tukatoka. Nikashuka nikajaribu breki, zikashika. Tukaendelea. Kwenye kona ya pili ya mteremko nilikanyaga breki nikasikia chuma kinakatika, na kitako cha gari kikaenda njia yake. Usukani ulikuwa mikononi mwangu lakini haukuwa na kazi tena. Tulibingirika. Wale wanawake wawili walitoka wazima. Mimi nilitoka na mguu huu. Yeye alikuwa chini ya gari.

Nilikaa chini, mguu haunyanyuki, nikitazama springi kwa sababu ilikuwa mbele ya macho yangu. Ngozi ilikuwa inaning'inia. Niliishika. Ilikuwa laini kama utumbo.

Fundi alikuja msibani. Akakaa kwenye mkeka karibu yangu, akasema chini chini, “Pole, kaka. Mimi nilimwambia tajiri, maji gari lisiyaguse, ngozi ikilowa inaachia. Hakukuambia?”

“Siku unafunga, nani alikuwa anakushikia jeki?”

Akavutavuta ukindu wa mkeka.

“Nani?”

“Wewe.”

“Na mdomo ulikuwa nao?”

“Nilijua tajiri atakuambia. Gari ni lake.”

Tajiri naye aliwaambia polisi nilikimbiza gari. Mpaka leo anasema hivyo.

Mguu ulipopona vibaya hivi ulivyo, watoto walikuwa wanakula kwa dada yangu, na tajiri akanitumia mtu niende nikafunge springi ya gari lile. Nilienda. Ilikuwa mpya, bado ina grisi na karatasi. Nikamuuliza tajiri imetoka wapi.

“Tabora. Imekuja na treni. Niliagiza tu wiki iliyopita.”

Niliingia chini, nikapachika jani mama, bushi mpya za mpira, yuboti za kubana eksili, nikashusha gari likae kwa uzito wake ndipo nikakaza bolti za mwisho, maana ukikaza likiwa juu bushi zinachanika. Nikalikandamiza kitako, likapanda, likatulia.

Wiki ileile lilikwenda Ikola na dereva mwingine. Waliorudi walisema linakwenda vizuri, huwezi kujua kwamba liliwahi kuanguka.