Programu iliniambia nifute picha za Krismasi, nikaona kaburi la bibi linashuka

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Admini, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje, maana wajomba zangu nao wamo humu kwenye ukurasa wako. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Morogoro mjini na mume wangu. Tuna mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la kwanza, anakaa na mama yangu mzazi juu milimani Uluguru, njia ya Mkuyuni, unaacha pikipiki unamalizia kwa miguu. Msianze kunisema. Kazi yangu ni ya zamu, halafu baba alipofariki mama alikuwa hali wala halali. Huyo mtoto ndiye aliyemrudishia uhai.

Baba alikuwa mtu wa picha. Kila Krismasi tukitoka misa anatupanga uani, yeye anasimama kizingitini na kamera yake. Nyuma yetu jiko, na nyuma ya jiko mteremko wenye kaburi la bibi mzaa mama, la saruji, lina msalaba mweupe. Baba alipoondoka mume wangu akashika kamera, kizingiti kile kile. Sasa mwaka huu nikasema picha hizi zitapotea. Nikakusanya kadi za kamera na simu mbovu zote, nikaziingiza kwenye kompyuta kwa ile programu ya kupanga picha. Inakupangia kwa tarehe, inakutambulia sura, yaani nilikuwa naifurahia kama mtoto.

Ikaniambia kuna picha nyingi zinafanana, nizifute kuokoa nafasi. Kuangalia, ni zile za Krismasi. Nikacheka, maana kweli zinafanana, mama na kile kitenge chake cha misa hakibadiliki. Kabla ya kufuta nikazipitisha haraka haraka, moja baada ya nyingine. Jamani! Sisi tunazeeka, jiko limetulia pale pale, ila msalaba wa bibi unashuka. Picha za mwanzo uko juu huko, mbali na paa. Za katikati umesogea. Krismasi iliyopita unachungulia kando ya ukuta wa jiko, tena umelala upande. Nikamwita mume wangu, sikumwambia kitu, nikamwonyesha tu. Akasema, "Mke wangu, huo mlima unatembea."

Ukiishi nao kila siku huuoni. Mama anapita pale kwenda kuchuma mboga, hajawahi kushtuka.

Nikapanda na kompyuta yangu. Mjomba mkubwa akaitwa, maana kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama na yeye ndiye mwenye kauli. Yeye na mama wakaangalia picha zote. Kisha mjomba akaniuliza, "Hii ndiyo ile kompyuta uliyomrudisha nayo baba yako?"

Mwaka jana, kwa mapenzi yangu tu, nilimuunganisha baba kwenye picha ya familia, nikamsimamisha pembeni ya mama na shati lake jeupe, kama vile hajafa. Mama alilia kwa furaha akaitundika sebuleni. Kumbe nilikuwa najiharibia. Mjomba akainyooshea kidole ile picha: "Aliyekufa umemsimamisha, kaburi likushinde kulishusha kwenye picha? Sema tu mume wako anakitaka kiwanja." Nami mdomo wangu haunaga breki, nikamjibu ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akanipiga marufuku kukanyaga pale mpaka niombe radhi mbele ya ukoo.

Nikamfuata mama chumbani. Nikampigia magoti, mama twende mjini hadi masika yaishe. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Nimwache mama yangu hapa, nikalale nyumba moja na mkwe wangu?" Nikasema basi nipe mtoto. Akasema, "Mchukue, ni wako. Ila ukimchukua umenitangazia kifo. Na nikifa usije kunizika."

Nikashuka bila mtoto. Ndiyo, nilimwacha, mnitukane tu. Mama yangu hajawahi kunitamkia neno kama lile tangu nizaliwe. Mume wangu sasa tunaongea kwa shida. Anataka niende kwa mtendaji wa kijiji watolewe kwa nguvu. Lakini nikiipeleka serikali kwenye ardhi ya ukoo, ukoo umenifuta mimi na mwanangu, na mama atakuwa upande wao.

Mvua zimeanza. Nikisimama mlangoni kwangu nikitazama juu, mlima hauonekani, ni wingu tu tangu juzi. Nimekuwa mtu wa kushtuka kila simu ikilia.

Leo asubuhi imelia, ni mama, sauti yake ya kawaida kabisa. Anataka nimtumie fundi. "Mlango wa jiko umegoma kufunguka, umevimba na hizi mvua."

Nikamwambia, "Mama, ule mlango ni wa chuma, chuma hakivimbi."

Halafu akasema nisihangaike basi, wameshapata njia, mwanangu anapenya dirishani anamtolea vyombo. Nikamsikia mtoto kwa nyuma anacheka, sauti inatokea ndani ya jiko: "Bibi, nikupe na mwiko?"

Nimemwambia mama mlima unausukuma ukuta wa jiko, amtoe mtoto humo sasa hivi, akaniambia nimeanza tena, akakata. Nikipiga hapokei. Nipande nikamnyakue mwanangu nimpoteze mama, au niende kwa mtendaji nifutwe na wote? Nishaurini, na mnijibu upesi, nifanye nini? Huko juu mvua haijakata.